Vyuma Vimekaza Hata Uingereza

Chukua mshahara wa mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza, ondoa mfumuko wa bei, kisha linganisha mwaka 2008 na mwaka 2023. Ni uleule. Mtoto aliyezaliwa wiki ile benki ya Lehman Brothers ilipoanguka kule New York alikuwa ameanza kuota ndevu, na mama yake bado anaingia dukani na uwezo uleule. Nikiwaeleza watu wa nyumbani habari hii wananisikiliza kwa adabu tu. Wanadhani nimeanza kujihami kabla sijaombwa hela.

Naishi Leicester, katikati ya England, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuogesha, kuvisha, kukumbusha dawa, kupasha chakula. Wabongo wa huku kazi yoyote ya namna hii tunaiita kubeba boksi, hata pale ambapo boksi lenyewe halipo. Uchumi sikuusomea. Ila nimekuwepo tangu enzi za Gordon Brown, na baada yake wamepita Cameron, May, Johnson, Truss na Sunak, sasa yupo Starmer, na kila mmoja alipoingia alituahidi kwamba safari hii uchumi utakua. Mtu akisikiliza ahadi moja kwa muda mrefu hivyo, hata kama ni mbeba boksi, anaanza kujiuliza kwa nini haitimii.

Jibu langu ni hili. Uingereza haijafilisika, fedha ipo nyingi kuliko inavyoweza kufikirika Tandika au Ngamiani. Kilichotokea ni kwamba nchi imeacha kujenga. Na nchi ikiacha kujenga, siasa yake yote inageuka ugomvi wa sinia moja la wali: kila anayesogezewa tonge, kuna aliyevutiwa lake. Wazee dhidi ya vijana, wenyeji dhidi ya wageni, madaktari dhidi ya walipa kodi. Magomvi yote unayoyasikia kwenye redio za huku, ukiyafuata hadi shinani, utakuta yanaanzia hapo.

Mmoja wa wazee ninaowahudumia alifanya kazi kiwanda cha soksi. Zamani Leicester ilivaa na kuvalisha dunia. Viwanda vya soksi na fulana vilikuwa kila mtaa, na majengo yake ya matofali mekundu bado yapo, mengine yamegeuzwa mabweni ya wanafunzi. Mzee huyu alioa akiwa kijana, akapewa nyumba ya halmashauri, na sheria ya mwaka 1980 ya serikali ya Margaret Thatcher ilipowaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa, akainunua. Mshahara mmoja, mke nyumbani, watoto watatu, na kila mwaka mapumziko ya ufukweni Skegness. Mjukuu wake ana shahada na kazi ya ofisini, kavuka thelathini, na analala chumba cha juu katika nyumba ileile. Siku moja mzee aliniuliza kwa sauti ya chini kama kijana ni mvivu.

Si mvivu. Mwaka 1997 nyumba ya kawaida hapa England iliuzwa kwa mshahara wa takriban miaka mitatu na nusu. Sasa inakaribia miaka minane. Hiyo ni kabla hujala, hujalipa umeme, hujalipa nauli. Wakati mzee ananunua, nchi ilikuwa imetoka kwenye miongo ya kujenga kwa kasi: mwaka 1968 pekee Uingereza ilikamilisha nyumba zaidi ya 400,000, karibu nusu yake za halmashauri. Siku hizi wakikaribia nusu ya hapo wanapongezana. Nyumba za halmashauri zilizouzwa kwa mpango ule wa Thatcher zinakaribia milioni mbili kwa England peke yake, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Nyingi kati ya zilizouzwa zimeishia mikononi mwa watu wanaozipangisha. Kwa hiyo leo halmashauri inaweza kujikuta inamlipa mwenye nyumba binafsi ili familia isiyo na makazi ilale kwenye nyumba ambayo halmashauri yenyewe iliijenga. Makazi hayo ya muda yanazigharimu halmashauri za England zaidi ya pauni bilioni 2 kwa mwaka. Nasema tena: bilioni 2, na mwisho wa mwaka hakuna tofali hata moja lililowekwa.

Kwa nini hawajengi? Sababu ni nyingi, lakini ya kwanza ni ya kisheria. Tangu sheria ya mipango miji ya mwaka 1947, kumiliki kiwanja huku hakukupi haki ya kujenga. Lazima halmashauri iridhie kila jengo kwa kulitazama peke yake, na majirani wana nafasi ya kupinga. Na jirani atapinga, kwa sababu tayari ana nyumba, na nyumba chache sokoni maana yake ya kwake inapanda bei. Diwani anajua nani anapiga kura: yule aliyekwisha kukaa. Anayetafuta nyumba bado hajahamia kwenye kata, kura yake iko kwingine.

Tabia hii haikuishia kwenye nyumba. Panda treni hapa Leicester kwenda London, reli kuu kabisa inayounganisha miji ya kati na Sheffield. Mpango wa kuitandika nyaya za umeme hadi Sheffield ulifutwa mwaka 2017, ukafufuliwa 2021, na Julai 2025 ukasimamishwa tena. Nyaya zilitoka kusini, zikafika Wigston, zikakata. Wigston ni kitongoji cha hapahapa. Ungeweza kutembea kwa miguu hadi stesheni ya Leicester. Wakati huohuo ndugu zangu wananitumia video wakiwa kwenye treni ya umeme, Dar hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Najua, ile imejengwa kwa mikopo na mikopo italipwa. Ila imejengwa. Rishi Sunak yeye alikwenda Manchester Oktoba 2023, akasimama ndani ya jengo lililokuwa stesheni ya treni zamani, akawatangazia watu wa Manchester kwamba reli mpya ya mwendokasi haitafika kwao. Kipande kinachoendelea kujengwa kati ya London na Birmingham kina paa maalumu huko Buckinghamshire la kuwakinga popo wasigongwe na treni, na gharama yake imepita pauni milioni 100. Sina ugomvi na popo. Lakini ukitaka kujua kwa nini kitu chochote huku ni ghali na hakiishi, anza na hao popo, kisha uhesabu vibali.

Orodha ni ndefu na mingine nitaipitia juu juu. Hakuna bwawa kubwa jipya la maji lililokamilika England tangu miaka ya mwanzo ya tisini. Mitambo ya upepo ya nchi kavu ilizuiliwa England, kwa vitendo, kuanzia 2015 hadi Julai 2024, na katikati ya kipindi hicho Urusi ikaivamia Ukraine na bei ya gesi ikapaa. Ghala kuu la kuhifadhia gesi lilikuwa limefungwa 2017, kwa hesabu kwamba soko litaleta gesi likihitajika. Soko lilileta, kwa bei yake. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 41, na Machi 2023 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka. Majira hayo ya baridi nilikuwa nawakuta wazee wamevaa makoti ndani ya nyumba.

Wachumi wana neno lao, tija: mtu mmoja katika saa moja anazalisha nini. Kabla ya 2008 tija ya Uingereza ilikuwa inakua kwa karibu asilimia 2 kwa mwaka. Baada ya hapo, takriban nusu asilimia. Inaonekana ni tofauti ndogo mpaka uipe muda. Ukikua kwa asilimia 2, kipato chako kinajirudia mara mbili ndani ya miaka 35, yaani ndani ya maisha ya kazi ya mtu mmoja. Ukikua kwa nusu asilimia, unahitaji karibu miaka 140. Taasisi ya Resolution Foundation ilipiga hesabu mwaka 2023 kwamba kama mishahara ingeendelea kupanda kwa mwendo wa kabla ya msukosuko wa benki, mfanyakazi wa kawaida angekuwa na kama pauni 11,000 zaidi kila mwaka. Elfu kumi na moja! Hizo ndizo pesa ambazo watu wanazihisi hazipo mfukoni bila kujua zilipotelea wapi, na mwanasiasa mjanja anawaambia zimechukuliwa na mgeni.

Twende huko zilikopotelea. Mwaka 2008 serikali iliziokoa benki kwa fedha za umma. Royal Bank of Scotland peke yake ilimeza zaidi ya pauni bilioni 45. Pato la taifa likaanguka, deni likapanda. Mwaka 2010 akaingia David Cameron, na waziri wake wa fedha George Osborne akatangaza kubana matumizi. Watanzania wa umri wangu wanaijua lugha ile. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18, na ilipokwisha miezi 18 mikanda ikabaki palepale, na sabuni haikuonekana dukani. Osborne alisema miaka mitano. Mishahara ya watumishi wa umma ikagandishwa miaka miwili, kisha ikawekewa kikomo cha asilimia 1 kwa mwaka hadi 2017. Kodi ya ongezeko la thamani ikatoka asilimia 17.5 hadi 20. Ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri ikakatwa karibu nusu kati ya 2010 na 2018.

Sehemu inayoniudhi mpaka leo ni moja. Miaka hiyo riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.5, ya chini kuliko wakati wowote tangu benki hiyo ianzishwe mwaka 1694. Dunia nzima ilikuwa tayari kuikopesha Uingereza kwa bei ya karibu na bure. Ungekuwa wakati wa kujenga reli, nyumba za halmashauri, mabwawa, nyaya hadi Sheffield. Wajenzi walikuwa hawana kazi, wanasubiri barabarani. Serikali ikachagua miaka hiyohiyo kupunguza bajeti ya miradi, kwa sababu bajeti ya miradi haina mtu wa kulia: daraja ambalo halijajengwa haliandamani. Leo riba imepanda, deni linakaribia ukubwa wa pato zima la taifa kwa mwaka, na kulipa riba peke yake kunakula zaidi ya pauni bilioni 100 kila mwaka. Sasa wanasema wanataka kujenga.

Kuhusu kujitoa Umoja wa Ulaya sitakaa sana, watu wamekwisha kuchoka nao. Asilimia 52 walipiga kura ya kutoka Juni 2016, na ofisi huru inayotabiri mwenendo wa uchumi na bajeti ya serikali inakadiria kwamba kwa muda mrefu uamuzi ule utapunguza tija kwa asilimia 4. Ninachokumbuka mimi ni miaka mitatu na nusu ambayo bunge halikuzungumza kitu kingine chochote.

Kisha akaja Liz Truss. Huyu namtetea nusu. Alikuwa mwanasiasa wa kwanza mkubwa kusema wazi kwamba tatizo ni ukuaji na kwamba vibali vya ujenzi vinaua nchi. Halafu akatoa dawa ya ugonjwa mwingine. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo la kodi la pauni bilioni 45 bila kueleza pengo litazibwa na nini. Pauni ikaporomoka hadi karibu dola 1.03. Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kununua hati fungani za serikali ili mifuko ya pensheni isianguke. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaikemea Uingereza hadharani. Sisi tuliokulia enzi za masharti ya IMF tulipigiana simu usiku ule kwa furaha isiyo na staha. Ingawa haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 1976 Uingereza yenyewe ilikwenda kupiga hodi huko kuomba mkopo. Truss alidumu siku 49. Gazeti moja la udaku liliweka letasi mbele ya kamera kuona kipi kitaharibika kwanza, na letasi ikashinda.

Kicheko kilikwisha haraka. Mikopo ya nyumba ya riba isiyobadilika kwa miaka miwili, ambayo mwaka mmoja nyuma ilipatikana kwa chini ya asilimia 2, ilivuka asilimia 6. Mwenye nyumba wangu aliniandikia barua ya kistaarabu sana kwamba kodi inapanda. Mkopo ni wake, mlipaji nikawa mimi.

Haki ya kusemwa isemwe: kuna jambo ambalo serikali za pande zote mbili zimelifanya vizuri. Kima cha chini cha mshahara kilianzishwa Aprili 1999, chini ya Tony Blair, kikiwa pauni 3.60 kwa saa. Wenye viwanda walisema kitaua ajira. Aprili 2025 kilikuwa 12.21, na Aprili 2026 ni 12.71, na ajira hazikufa. Sisi wa chini kabisa tumesukumwa juu kwa nguvu ya sheria, na nashukuru. Lakini aliye juu yetu kidogo hakusukumwa. Msimamizi wangu, mwenye vyeti na funguo za kabati la dawa na simu isiyozimwa usiku, ananizidi kwa senti. Muuguzi, mwalimu anayeanza, fundi wa maabara, wote wameona kima cha chini kinawafuata nyuma kama maji kupwa na kujaa, na wao wamesimama. Ndiyo maana madaktari vijana waligoma mfululizo kuanzia 2023 wakidai warejeshewe thamani ya mshahara wa zamani. Hawakudai nyongeza, walidai 2008.

Na hata hicho tunachoongezwa kina mkono unaokisubiri. Kiwango cha mapato ambacho hukatwi kodi ni pauni 12,570 kwa mwaka. Kimegandishwa tangu 2021, na bajeti ya Novemba 2025 imesogeza kifungo hicho hadi 2031. Bei zinapanda, mshahara unapanda kuzifukuza, kiwango hakisogei, kwa hiyo kila mwaka sehemu kubwa zaidi ya mshahara inaangukia upande wa kodi. Hakuna waziri anayesimama kutangaza kwamba ameongeza kodi ya mapato. Ni ujanja wa kimyakimya, na umetumiwa na chama cha Conservative na cha Labour bila aibu.

Sasa niwaeleze mkasa wa mpwa wangu, kwa sababu ndani yake mnyororo wote unaonekana. Alinipigia jioni moja.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba, hamjambo huko?"

Hatujambo, ila. Wakala mmoja mjini alikuwa amempatia nafasi ya kutunza wazee Uingereza, viza na kila kitu, na kilichobaki ni malipo ya maandalizi, fedha ambazo zingenunua bajaji mbili. Alitaka nimwongezee. Nikamwambia mlango ule umefungwa: tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wafanyakazi wapya wa kutunza wazee kutoka nje. Wakala alikuwa anauza hewa. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa dakika moja: "Kwani wazee wamekwisha?"

Hawajakwisha, wanaongezeka. Lakini fuata fedha. Kazi yangu inalipwa, kwa sehemu kubwa, na halmashauri. Halmashauri ilikatwa ruzuku na Osborne. Imebaki kutegemea kodi ya majengo inayolipwa kwa halmashauri, na kodi hiyo hapa England bado inapangwa kwa thamani ambazo nyumba zilikuwa nazo tarehe 1 Aprili 1991. Tangu mwaka huo hakuna serikali iliyothubutu kuthaminisha upya, kwa kuogopa kelele za watakaopandishiwa. Jumba la kifahari la London, lililopanda bei mara nyingi, linaweza kulipa kodi ndogo kuliko nyumba ya kawaida ya huku kwetu. Halmashauri zenyewe zinaanguka: Northamptonshire, jirani zetu, ilitangaza kuishiwa mwaka 2018, Birmingham Septemba 2023, Nottingham Novemba 2023. Birmingham ilikuwa na matatizo yake, ya madai ya malipo sawa kwa wanawake na mfumo wa kompyuta uliovurugika, lakini ilipofika masika ya 2025 wazoa taka waligoma na takataka zikarundikana mitaani hadi panya wakawa habari ya kitaifa. Mji wa pili kwa ukubwa wa nchi iliyoanzisha mapinduzi ya viwanda.

Halmashauri isiyo na fedha inailipa kampuni ya utunzaji kidogo. Kampuni inamlipa mtunzaji kidogo, mara nyingi kwa mkataba wa saa sifuri, yaani usiomhakikishia saa zozote za kazi, na muda wa kutoka nyumba ya mzee mmoja kwenda ya mwingine unaweza usilipwe. Mwingereza akiangalia, anaona ghala la mtandaoni linalipa sawa bila kubadilisha mtu nepi, anaondoka. Nafasi zikabaki wazi. Februari 2022 serikali ikafungua viza, watu wakaja kutoka Nigeria, Zimbabwe, India, na sisi wa Afrika Mashariki kidogo. Wengine walikuwa wameuza mashamba kuwalipa mawakala kama yule wa mpwa wangu, wakafika wakakuta saa za kazi walizoahidiwa hazipo. Idadi ya walioingia nchini kwa ujumla ukiondoa waliotoka ikapita 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023. Nyumba hazikujengwa za kutosha hao wala za wenyeji. Watu wakakasirika, na hasira hiyo siidharau, mtu asiyepata nyumba ana haki ya kukasirika. Ila aliyeulizwa si sheria ya 1947 wala kodi ya 1991. Aliulizwa mtunzaji. Machi 2024 akakatazwa kuja na mume au watoto. Julai 2025 mlango ukafungwa. Novemba 2025 likaja pendekezo kwamba waliomo tayari wasubiri miaka 15 kabla ya kupata ukaazi wa kudumu, badala ya mitano walioijua walipopanda ndege.

Leicester hii imewahi kusema imejaa. Mwaka 1972 halmashauri ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia waliofukuzwa na Idi Amin wasije huku. Walikuja hata hivyo, wakafufua maduka ya Belgrave Road yaliyokuwa yanakufa. Mpaka leo ukiingia huko utakuta mihogo ya kukaanga kwenye orodha ya vyakula, na mzee wa Kampala au Mwanza atakayekusalimia kwa Kiswahili cha dukani. Ila wale walikuta mji wenye viwanda na nyumba za bei ya kushikika. Tofauti hiyo ni kubwa, na watu wanaotusimulia kisa cha Waasia wa Uganda kama dawa ya kila hofu ya uhamiaji huwa wanairuka.

Tangu Julai 2024 tuna Labour. Keir Starmer na waziri wake wa fedha Rachel Reeves waliingia wakisema mambo niliyokuwa nasubiri kuyasikia: nyumba milioni 1.5 ndani ya miaka mitano, vibali virahisishwe, upepo wa nchi kavu urudi. Upepo walirudisha ndani ya siku chache. Lakini walikuwa wameapa wakati wa kampeni kutogusa kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani wala michango ya bima ya taifa ya mfanyakazi, yaani wamejifunga mikono kabla ya kuingia jikoni. Ikabidi fedha zitafutwe pembeni. Kwanza wakawanyang'anya wastaafu wengi ruzuku ya kupasha nyumba wakati wa baridi, wazee wangu wakanifokea mimi kana kwamba niliipigia kura, na Juni 2025 wakarudi nyuma. Oktoba 2024 wakatangaza kwamba mchango wa bima ya taifa wa mwajiri utapanda, kuanzia Aprili 2025, kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na sasa unaanza kuhesabiwa kwenye mshahara wa pauni 5,000 badala ya 9,100. Kwa benki ya London huo ni usumbufu. Kwa kampuni ya utunzaji, ambayo watu wake wengi ni wa muda na mishahara midogo, ni pigo la moja kwa moja, na mteja wake mkuu ni halmashauri ileile isiyo na kitu. Serikali ikachukua mkono wa kulia, halmashauri ikaomba msaada mkono wa kushoto.

Nyumba? Zinajengwa, chini kabisa ya mwendo wa 300,000 kwa mwaka unaohitajika kutimiza ile milioni na nusu. Sheria zinabadilishwa, na nadhani mabadiliko hayo ni ya kweli kuliko yote niliyoyaona tangu nifike. Tatizo ni kwamba nyumba inayoidhinishwa leo itakaliwa miaka kadhaa ijayo, na mpiga kura amekwisha kungoja tangu 2008.

Kwa upande wetu watunzaji, serikali imeahidi makubaliano ya kitaifa ya mishahara ya sekta yetu kuanzia 2028, na imetenga pauni milioni 500. Wenzangu walishangilia kwenye kundi la WhatsApp, nami nikachukua kikokotoo. Sekta hii ina nafasi za kazi kama milioni 1.6 kwa England. Kila mtu akipata sawa, ni pauni 300 na kidogo kwa mwaka, yaani kama pauni 6 kwa wiki, ukitaka kujichosha kuhesabu hivyo. Na kwa kuwa ile 12,570 imefungwa hadi 2031, anayefanya kazi saa zote atakatwa asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 ya bima, kwa hiyo zaidi ya robo yake itarudi Hazina kabla haijafika benki.